Kadi ya Kilo ya Darlène

Hadi leo mtu akinipa mtoto nimshike, mkono wangu unakwenda kwanza kwenye mguu wake. Namvua soksi, nabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, nahesabu polepole hadi tatu, naachia, natazama. Wanawake wa siku hizi hapa Kolwezi wananiona bibi mwenye mambo yake. Wajukuu wangu wananicheka waziwazi. Wacheke tu. Mguu wa Darlène sikuubonyeza, na Darlène alikuwa mtoto wa Mbelu, na Mbelu ndiye mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha katika miaka yangu yote ya kazi.

Jina langu ni Ernestine. Watu wangu ni wa Manono, kaskazini ya Katanga. Nilikuwa mwalimu wa foyer, ile nyumba ambamo kampuni ya migodi iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Sikuwa muuguzi, na nataka hilo lijulikane mapema, ingawa halinisaidii kitu. Nilikuwa na aproni nyeupe, ubao, picha za kubandika ukutani, na ulimi mkali. Mwanamke aliyekuja na kucha chafu nilimrudisha nyumbani mbele ya wenzake.

Mbelu sikuwahi kumrudisha. Alizaliwa hapa hapa, katika cité, yaani mtaa wa wafanyakazi wa kampuni. Baba yake, tata Ntambwe, aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba wakati Wabelgiji wangali wanatawala, na akafa hapa akiwa na pensheni yake na kiti chake kanisani. Kasai yenyewe Mbelu hakuijua. Aliijua kama alivyoijua Brussels, kwa kusikia. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na daftari lake la foyer lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya zawadi ya Krismasi. Mume wake Muamba alikuwa karani wa ghala upande wa Kingamyambo, mwanamume wa kuchonga penseli mbili kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Walikaa miaka saba bila mtoto. Watu wakasema waliyosema. Halafu akaja Darlène, na cité nzima ikapumua.

Alhamisi moja nilifundisha somo la chakula cha asubuhi. Wanawake wa cité, hasa wale wa asili ya Kasai, walikuwa na desturi ya kumpa mtoto uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa na unga wa dagaa wakavu waliotwangwa pamoja na miba yao. Uji ule ulinuka. Mtoto alikuja foyer akinuka samaki tangu saa moja asubuhi, na mimi nilichukia harufu ile. Mke wa injinia mmoja, mzungu, alikuwa ametupatia maboksi matatu ya sereale, zile nafaka za kiwandani zilizokaushwa na kupakwa sukari, ambazo unamimina bakulini na kuongeza maziwa. Juu ya boksi palikuwa na jua na mtoto mwenye mashavu mekundu. Nikayapanga mezani. Nikasema huu ndio uji wa nyumba iliyoendelea, hauna moshi, hauna miba, na umeandikwa vitamini zake zote pembeni. Kisha nikachukua kibakuli cha uji wa dagaa alichokuja nacho mwanamke mmoja, nikakiinua juu, nikaziba pua. Darasa likacheka. Mbelu hakucheka. Alikuwa ananakili majina ya vitamini.

Wakati ule haikuwa na madhara makubwa. Kampuni ilikuwa bado inatoa unga, maharagwe, mafuta na samaki wa chumvi kila mwezi. Mtoto akila bakuli la sereale asubuhi na mchana akala bukari, ugali wetu, na maharagwe, atapata nini? Meno. Meno ya mbele ya Darlène yalianza kuwa ya kahawia kabla hajafikisha miaka miwili, nami nikamwambia Mbelu ni meno ya utoto, yataanguka.

Somo la pili nililompa lilikuwa kubwa zaidi. Kila mwezi tulikuwa na siku ya kilo. Tulitundika mizani kwenye mlango, tukawaweka watoto ndani ya suruali ya turubai, na kila mama alikuwa na kadi ya mtoto wake. Mimi nilitia nukta kwenye kadi na kuunganisha nukta kwa mstari. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo niliwafundisha maneno ya kukariri, wakayasema kwa pamoja kama katekisimu:

"Mustari ikipanda, tunamushukuru Mungu. Ikilala, tunaita mama Ernestine. Ikishuka, mutoto anakufa."

Mbelu aliyasema vizuri kuliko wote, ingawa yeye alijua kusoma.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi mkubwa uliporomoka, mishahara ikaanza kuchelewa, na mwaka wa tisini na moja askari wakapora mji na raia wakamalizia. Wazungu waliondoka wote ndani ya wiki moja. Duka lao likafunguliwa kwa mitarimbo, na sokoni ukaona vitu ambavyo hakuna aliyejua matumizi yake, chakula cha mbwa, zeituni, na maboksi ya sereale yamerundikwa kama matofali. Watu waliyaonja, wakasema ni maganda matamu, wakawaachia watoto wachezee. Mimi nilijaza kabati langu. Nilijiona mjanja.

Baada ya uporaji zikaja hotuba. Nisizirudie, wote tuliokuwapo tulizisikia. Zilisema Katanga ni ya Wakatanga, na watu wa asili ya Kasai warudi kwao. Vijana wakaanza kuwaita bilulu, wadudu, na wadudu mtu huwafanyia anavyotaka. Muamba alizuiwa mlangoni kazini na vijana aliokuwa akiwapa lifti kwa baiskeli yake. Wiki iliyofuata nyumba yao ilipigwa alama ya chokaa. Walitoka na magodoro mawili, sufuria, mashine ya kushonea, daftari la foyer na Darlène mgongoni, wakaenda gare, yaani stesheni ya reli, walikokwenda wote. Mimi nilisimama nyuma ya pazia langu nikitazama. Ndiyo, nyuma ya pazia.

Gare ya Kolwezi mwaka ule wa tisini na tatu ilikuwa mji wa maelfu ya watu uliolala juu ya kokoto. Treni zilikuwa chache, na ikija moja inajaa hadi juu ya paa. Watu walikaa wiki nane, kumi, chini ya mahema ya plastiki na ndani ya mabehewa mabovu. Masista na watu wa misaada walileta uji wa mahindi na soya, wakapika kwenye mapipa. Lakini kulikuwa na uvumi, na uvumi kule gare ulikuwa na nguvu kuliko masista: kwamba uji ule umetiwa sumu na watu wa mji. Watoto walikuwa wanakufa kwa surua na kuhara kila siku, na kila aliyekufa aliuongezea uvumi nguvu.

Siku ya kumi nilishindwa kukaa nyumbani. Kwenye kizuizi cha barabara ya gare alisimama mdogo wangu Banza, amefunga kitambaa kichwani, ana fimbo. Aliona nimebeba unga na maharagwe.

"Yaya, chakula ya bilulu haipite," alisema. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Hakuniangalia usoni.

"Mi njo nilikulea, Banza."

"Najua. Lakini bengine banatuangalia. Rudisha ile bunga."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Kisha nikafungua kabati langu, nikatia maboksi manne ya sereale ndani ya mkoba, nikafunika na kitenge. Banza aliinua kitenge, akaona lile jua na yule mtoto wa mashavu mekundu, akacheka. Kwake hicho hakikuwa chakula. Nikapita.

Mbelu alipoyaona maboksi yale alikaa chini. Alilishika moja kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye gundi ya kifuniko kuona kama limewahi kufunguliwa.

"Hii hakuna mutu aliifungula," alisema. "Hapa hakuna mutu anaweza kutiamo sumu. Hata moto haitake, mama Ernestine, na shiye hatuna kuni. Bamama benye balienda kutafuta kuni, balibapiga."

Akamimina maganda yale kwenye kikombe, akaongeza maji ya bomba, kwa sababu maziwa hayakuwapo. Darlène alikula na kulamba kidole. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nasema wazi: siku ile nilifurahi, nikaona nimefanya jambo la Kikristo bila gharama.

Kila siku ya tatu nilipeleka maboksi. Masista waliponijua, walinipa kazi ya kupima watoto kwa mizani yangu mwenyewe ya foyer, iliyotundikwa kwenye mlingoti wa taa. Orodha iliwekwa mikononi mwangu: mtoto ambaye mstari wake unashuka anaingia hema la maziwa, hema dogo lenye vitanda ishirini. Watoto mia walistahili vile vitanda. Mbelu alipewa maharagwe ya mgao kama wengine, na aliyabadilisha kwa jirani aliyekuwa na kuni, akapata sabuni. Uji wa pipa hakuugusa. Darlène alikula sereale asubuhi, mchana na jioni.

Na mstari wa Darlène ulipanda. Alikuja gare na kilo tisa na nusu. Wiki ya tatu kilo tisa na gramu mia nane. Wiki ya tano kilo kumi na mia tatu. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene. Katikati ya watoto wale waliokauka, yeye aling'aa. Wanawake walikuja kumtazama. Ni kweli alikuwa amepoa, hachezi, anakaa pale anapowekwa na kununa. Ni kweli nywele zake zilikuwa zimelegea na kupata wekundu wa kutu. Niliona vyote hivyo, nikasema ni joto na vumbi.

Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya hema, kwa sababu masista waliandika watoto wote wa chini ya miaka mitano waliokaa gare zaidi ya mwezi. Nilitazama kadi. Nikachukua kalamu, nikalikata. Nikasema kwa sauti, wengine wasikie, "Mama Darlène, yako anazidi kunona. Tumupatie mwengine kitanda." Mbelu alinishukuru. Alisimama wima pale kama siku ile alipopewa cheti cha foyer.

Siku nne baadaye, Godelieve alipita karibu na mizani yangu. Godelieve alikuwa muuguzi wa hospitali, naye mtu wa Kasai, naye amefukuzwa, anafanya kazi katika hema la maziwa huku akingoja treni yake. Mbelu alikuwa amempakata Darlène. Godelieve aliinama, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akaachia. Pakabaki shimo. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na halikurudi.

"Tangu lini anavimba?" aliuliza.

"Anavimba wapi?" nilisema. "Ananona. Kilo kumi na mia tatu."

"Haina nyama, mama. Ni mayi. Hii ni bwaki." Mayi ni maji, na bwaki ndilo jina letu la ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili. "Anakula nini?"

Mbelu akamwonyesha boksi kwa fahari. Godelieve aligeuza upande wenye maandishi madogo, akatusomea polepole. Mahindi. Sukari. Chumvi. Halafu zile vitamini, kidogo kidogo, zilizonyunyizwa juu.

"Na maziwa, na maharagwe, ingekuwa kama bonbon, inaharibu meno tu," alisema. "Peke yake, na mayi, kila siku, mwili haina kitu ya kujijenga. Muko na dagaa? Muko na karanga?"

Nilikumbuka kibakuli nilichokiinua mbele ya darasa nikiwa nimeziba pua.

Godelieve alimwingiza Darlène hemani palepale, akamtoa mtoto aliyekuwa amepata nafuu. Alitupa masharti: maziwa kidogo kidogo kwa kijiko, mara nane kwa siku, siku kumi bila kukosa. Alituambia jambo jingine, mimi na Mbelu, tumesimama mlangoni mwa hema. "Atakonda kwanza. Ile mayi itatoka na mutaogopa. Musiogope. Lakini akivimba tena, na maziwa haiko, hatafika fasi yoyote."

Nilielewa. Mbelu alitikisa kichwa kuonyesha naye ameelewa. Sasa najua mtu anaweza kuelewa kwa masikio peke yake.

Siku ya kwanza Darlène alikojoa mara kumi. Siku ya pili macho yake yalifunguka, maana hadi hapo kope zilikuwa zimevimba na kuyaziba. Siku ya tatu nilimtundika kwenye mizani. Kilo nane na mia sita. Siku ya nne, kilo saba na mia saba. Mashavu yalikuwa yameisha. Mbavu zilionekana moja moja, na miguu ilikuwa vijiti viwili vyenye ngozi inayobanduka. Huyo ndiye alikuwa mtoto wa kweli, aliyekuwa amefichwa ndani ya maji kwa wiki zote zile. Akatabasamu. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alinyoosha mkono akashika kifungo cha aproni yangu. Nikatia nukta kwenye kadi, na mstari ukaanguka karibu hadi chini ya karatasi, nami moyoni nilishukuru.

Nilipoinua macho, Mbelu alikuwa anaitazama kadi, si mtoto.

Mchana ule treni ikaingia. Ilikuwa ya kwanza baada ya siku kumi na tisa. Gare yote ilisimama kwa wakati mmoja, godoro, mbuzi, mashine za kushonea, wazee waliobebwa kwa viti. Vijana wa kizuizi walikuwa wamesema asiyepanda hii watamshusha wao kaburini. Muamba alikuja hemani mbio, shati limechanika, amekwisha kupata nafasi ya watu watatu katika behewa la mizigo. Mbelu alimtoa Darlène kitandani, akamfunga mgongoni.

Godelieve alimshika mkono. "Mama Darlène, siku sita tena. Siku sita tu. Uniachie mutoto apone."

"Mulinikamatia mutoto ya kilo kumi," Mbelu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote. "Leo iko kilo saba. Siku nne tu. Nikimuacha siku sita, mutanirudishia nini?"

"Ni ile mayi inatoka. Tulikuambia."

"Bantu banasema munatiamo kitu mu maziwa. Mi nilikatala kubasikia. Sasa naona na macho yangu."

Mimi nilipiga magoti. Sikujali tena aproni. "Mbelu, mwanangu, nisikilize. Mi njo nilikosa. Ile kilo kumi ilikuwa bongo, ilitudanganya. Sasa njo anapona."

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na chuki. Ningependa angekuwa nayo.

"Mama Ernestine, ni weye ulinifundishaka. Mustari ikishuka, mutoto anakufa."

Maneno yalikuwa yangu, niliyatunga mwenyewe, niliwakaririsha wanawake hadi wakayaota. Niliomba dakika moja. Nilikimbia hadi kwa masista, nikapata kopo moja la maziwa ya unga na mfuko wa karanga zilizosagwa, nikarudi nikisukumana na umati. Walikuwa wamekwisha panda. Nilimwona Mbelu kwenye mlango wa behewa, amebanwa kati ya magodoro, na chini ya kwapa lake maboksi mawili yenye jua. Nilimrushia kopo. Lilipiga pembeni ya behewa, likaanguka chini ya magurudumu. Mfuko wa karanga aliudaka kijana mmoja juu ya paa. Treni ikaondoka taratibu sana, polepole kiasi kwamba ningeweza kutembea nayo hadi mwisho wa gare, na nilitembea, nikimwita, naye akinipungia mkono.

Wiki tatu zikapita. Sikuenda tena gare. Mizani niliwaachia masista. Nilikaa nyumbani, na Banza akija namfungia mlango.

Jumapili moja akabisha hodi mfanyakazi wa reli, mtu wa mji wa Kasaji hukuhuku Katanga, kofia mkononi. Alikuwa amefanya kazi kwenye treni ile. Ilikwama kabla ya Kamina kwa kukosa mafuta, alisema, siku sita kama alivyosikia baadaye, na watu walizika wengi kando ya reli. Siku ya tatu ya kukwama, yeye alipata gari la kurudi Kolwezi, na mama mmoja mwembamba alimpa kitu aniletee. Zaidi ya hapo hakujua.

Ilikuwa kadi ya kilo ya Darlène. Mstari wangu ulianguka hadi ile nukta ya mwisho ya hemani. Lakini baada yake palikuwa na nukta nyingine mbili, zimetiwa kwa penseli iliyochongwa vizuri. Mle ndani ya treni hakukuwa na mizani, kwa hiyo Mbelu alikuwa amempima kwa jicho. Ya kwanza ilikuwa juu kidogo. Ya pili ilikuwa juu zaidi, na mstari ulikuwa umenyooshwa kwa rula au kwa ukingo wa boksi. Chini yake, kwa ule mwandiko wa foyer ambao mimi ndiye niliyeusahihisha, alikuwa ameandika: Mama Ernestine, usiwe na wasiwasi. Miguu na mashavu vimerudi. Ananona tena.

Yule mtu wa reli alikuwa bado amesimama mlangoni, akinitazama.

"Mama, ni habari ya muzuri?" aliuliza.

Alikuwa ametembea kwa miguu toka gare, kwenye jua, ili kuniletea. Nikamwambia ndiyo, nikamkaribisha maji ya kunywa.